Kumi Iliyobaki Koponi

Jumatatu, 3 Novemba 1997. Ujiji.

Kama bahati ingekuwa samaki, mimi ningekuwa ziwa. Sijisifu, naeleza tu. Nani mwingine Ujiji hii aliyeanguka majini pale Kalemie mbele ya watu, akaibuka na mgebuka mzima ndani ya shati? Mimi, Ashraf. Mgebuka tulimkaanga. Mashahidi wapo, ila wote wako hukohuko ng'ambo ya ziwa.

Ndiyo maana nimeanza kuandika. Mtu mwenye bahati aandike, wajukuu wapate cha kusoma.

Bahati ya leo imetoka chumba cha uani. Humo anakaa Mwalimu Barutwanayo, mkimbizi wa Burundi, aliyekuwa akifundisha hesabu sekondari. Mwaka jana nilimkuta mwaloni, samaki wanaposhushwa, amekalia furushi lake na kutazama maji kama mtu aliyeangusha kitu humo. Nikamwambia twende nyumbani. Mke wangu Mwanamvua alinung'unika, kisha akatoa blanketi lake zuri.

Mwalimu alivuka ziwa na mkewe Astérie na binti yao Inamahoro. Mitumbwi miwili. Yeye akasukumwa kwenye huu, wao kwenye ule. Ule haukuonekana tena.

Kila jioni nampelekea redio yangu uani. Kuna matangazo ya Kirundi, na mwishoni husomwa majina ya watu wanaotafutana. Mwalimu husikiliza mpaka jina la mwisho. Kisha husema, "Urakoze, Bwana Ashraf," ndiyo asante ya kwao, akanirudishia redio kwa mikono miwili kama anarudisha mtoto wa watu.

Sasa imetangazwa wakimbizi walio mjini waende kambini. Lori lake ni Jumatatu ijayo. Nimemwambia mbele ya Mwanamvua: redio hii unaondoka nayo. Ndivyo nilivyo, natoa.

Shida ni betri. Redio inakula sita kwa mpigo, na hizi zangu nimezianika juani mpaka jua limechoka. Na mvua za mwaka huu hazitoi hata nafasi ya kuanika soksi.

Ila namba! Leo Mwalimu ameandika ukutani kwa mkaa. Akahesabu toka moja hadi kumi, akarudi toka tisa hadi moja, zote zimeshikana:

12345678910987654321

Tarakimu ishirini. Nikauliza inasomwaje. Akasema ni milioni ya milioni ya milioni, hizo mara kumi na mbili na ushei. Nikavuta kigoda, nikakaa.

Akasema uzuri wake si ukubwa. Hakuna namba inayoweza kuigawa bila kubakiza kitu, isipokuwa moja na yenyewe. Ijaribu mbili, inabaki. Tatu, inabaki. Elfu moja na tatu, inabaki. Namba kubwa nyingi, alisema, zimejengwa kwa ndogo, kama nyumba ya matofali. Hii ni mwamba. Yeye mwenyewe alionyeshwa na mwalimu wake wa chuo, na mashine ndiyo iliyohakikisha.

Niliishia darasa la sita, lakini namba tasa nazikumbuka: mbili, tatu, tano, saba. Vitoto! Sikujua zinakua hivi.

Kitu kisichogawanyika ni mali. Nitaona la kufanya.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeona la kufanya.

Saidi wa Bangwe ana mtumbwi mzuri na wavuvi wanaogombana kila wakirudi nchi kavu. Nikamwendea asubuhi. Nikamwambia watu wako wanagawanyika kwa kuwa mtumbwi hauna kinga. Nikamweleza namba. Akauliza itakaa upande gani. Nikamwambia huo ni ufundi, niachie.

Rangi nyeupe, brashi, mkono wa msanii. Tarakimu zikakataa kuenea upande mmoja. Za mwisho zikapita nyuma ya injini, zikaibukia upande wa pili kichwa chini. Akapita mkaguzi, akauliza kati ya hizi namba ya usajili ni ipi. Saidi, mtu asiye na akili za haraka, akasema zote. Akaambiwa afute zote.

Kabla hajafuta, wavuvi wakaanza. Hawa wakasema namba ndefu hivi ni ya mashetani, hawapandi. Wale wakasema ni ya Mungu, kwani Mungu ana mwisho? Wakatupiana makasia. Sasa Saidi ana makundi mawili yaliyo sawa kabisa, na katikati hakubaki mtu.

Namba haikugawanyika. Wavuvi wamegawanyika kwa mbili bila baki.

Nimerudi kwa miguu, rangi kwenye ndevu. Mwanamvua ameniuliza kama nimezeeka ghafla.

Jumatano, 5 Novemba

Mwaloni mapema. Kazi yangu pale ni kuhesabu samaki, na sina mpinzani. Migebuka hutupwa kikapuni mmoja mmoja, mimi naimba: moja, mbili, tatu, hadi tisa. Wa kumi simtaji. Natupa jiwe kwenye kopo, naita "Jiwe!" na wachuuzi wote wanaitikia "Jiwe!" Kisha naanza upya. Mwisho tunahesabu mawe. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia, na kuna sheria moja: kilichohesabiwa kimehesabiwa, hakuna kurudi kikapuni. Nahesabu hivyo tangu sijaota ndevu. Nasikia hata usingizini naita jiwe.

Akaja Oswald. Ana duka mkabala na nyumba yangu. Alimaliza kidato cha nne, na hajawahi kumruhusu mtu asahau. Akikupimia sukari anakitaja. Ukimwambia pole kwa msiba anakitaja.

Habari za mtumbwi zilikuwa zimemfikia. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi Kasingirima, "Jamani, njooni! Darasa la sita limegundua hesabu!"

Wachuuzi wakacheka, na wale ninaowahesabia vizuri wakacheka zaidi.

Nikamwambia namba ninayo, na yeye na kidato chake wakiunganisha nguvu hawataigawa. Akasema hakuna namba kubwa isiyogawanyika, ila kuna vichwa vidogo visivyojua kugawa. Nikasema Jumamosi, hapahapa, ubaoni. Akasema mtu haji kushindana mikono mitupu, anaweka nini?

Dukani kwake kuna katoni ya betri. Naiona kila nikienda kununua chumvi. Nikasema wewe weka katoni.

Akasema, "Basi wewe weka redio."

Hapo nilirudi hatua moja nyuma. Lakini nikaona picha: Mwalimu kambini, redio kulia, katoni kushoto, anasikiliza majina mpaka wapatikane wote. Nikampa Oswald mkono.

Mwanamvua aliposikia alisimama na mwiko hewani. "Baba Zuleha, redio ile si yako. Umeshampa mtu."

Nikamweleza haipotei, inakwenda kutembea tu, irudi na katoni. Akasema vitu vyangu vyote vinavyokwenda kutembea hupotelea njiani. Akataja baiskeli. Akataja mbuzi. Nikamwomba asimwambie Mwalimu, iwe zawadi ya ghafla. Akasema kwamba itakuwa ya ghafla hana shaka.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimemwomba Mwalimu anifunze namba vizuri. Sikusema kwa nini. Alifurahi! Hajapata mwanafunzi tangu avuke ziwa. Alijifuta mikono, akakohoa, akasimama mbele ya ukuta wangu kama yuko mbele ya darasa zima.

Alinionyesha ujanja wa tatu. Unajumlisha tarakimu zote. Jumla ikigawanyika kwa tatu, basi namba nzima inagawanyika kwa tatu. Nikajumlisha. Za kupanda, moja hadi tisa, arobaini na tano. Za kushuka, arobaini na tano. Jumla tisini. Tisini tatu inaingia! Nikamwambia basi namba yetu imekufa.

Mwalimu akacheka mpaka akashika ukuta. "Umesahau kumi, Bwana Ashraf. Kumi ina moja na sifuri. Ni tisini na moja. Tatu haiingii."

Akagonga ukuta kwa kidole pale penye kumi. Akasema hii ndiyo nguzo ya nyumba. Iondoe, kila kitu kinaanguka.

Nikasema nimeelewa. Nilielewa kabisa. Naandika hapa ili ijulikane kwamba nilielewa.

Jioni redio ilikuwa na sauti ya mbu. Mwalimu alibandika sikio. Yupo Ndikumana anayetafuta kaka zake. Yupo Manariyo anayetafuta mama. Astérie hakuwemo. Mwalimu akakaa na redio mapajani, akaniambia kwa nini anaipenda namba ile. Inamahoro alikuwa mgumu kulala. Baba yake alikuwa akimhesabia moja hadi kumi, kisha kurudi. Kwenye kurudi, akifika saba, mtoto ameshalala.

Nilitaka kumwambia habari ya betri palepale. Nikajizuia. Jumamosi atafurahi zaidi.

Ijumaa, 7 Novemba

Msikitini. Khutba ilihusu kamari. Nilijisogeza nyuma ya nguzo.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi, na nimejiridhisha. Kamari ni pale usipojua nani atashinda. Mimi najua.

Jumamosi, 8 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie na umati.

Watu walijaa! Wachuuzi wa dagaa, wapakiaji, Saidi na makundi yake yote mawili, hata wanawake wa vitumbua waliacha moto. Niliazima ubao, nikausimamisha kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa. Redio yangu juu ya kreti, imefunikwa khanga ya Mwanamvua. Katoni ya Oswald kando yake. Nilivaa kanzu.

Nikatangaza masharti kama wakili. Namba hii haigawanyiki bila kubaki, isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Oswald akasema ameelewa, na kwamba hayo yako kwenye silabasi ya kidato cha pili.

Nikaanza kuandika, na kwa kuwa watu walikuwa watu wangu na mahali palikuwa pangu, nikaimba. Moja! Mbili! Tatu! Sauti ilitoka vizuri mno. Wakaanza kuimba nami. Saba! Nane! Tisa!

Na mkono huu, mkono huu mshenzi, ukaweka chaki chini, ukaokota jiwe, ukalitupa kwenye kopo langu la kila siku, lililokuwa palepale miguuni.

"Jiwe!" nikaita.

"Jiwe!" umma mzima ukaitikia.

Nikashika chaki tena. Tisa! Nane! Saba! Nikashuka hadi moja bila kupumua. Nikajitenga kando kama bwana harusi.

Oswald akajaribu mbili, ikabaki moja. Watu wakashangilia. Tano, ikabaki moja. Saba, akahangaika na chaki mpaka pua ikawa nyeupe, ikabaki mbili. Nikamuuliza kama kidato cha nne walifundishwa kutoka jasho. Watu walikufa kwa kicheko. Hiyo ndiyo dakika niliyopenda kuliko zote maishani mwangu, na naiandika kwa sababu haikukaa.

Oswald akaweka chaki chini. Akaanza kutembeza kidole kwenye tarakimu, midomo ikicheza. Akasema, "Tisini."

Nikacheka. Nikamwambia tisini na moja, msomi, rudia. Akarudia kwa sauti, tarakimu moja moja, umma ukimsaidia. Tisini. Akauliza: tisini, tatu inaingia? Mwanamke mmoja wa vitumbua akasema inaingia, kila mtu thelathini.

Akaigawa yote ubaoni, pole pole, ili niumie vizuri. Mwisho akaandika sifuri kubwa, akaizungushia duara.

Mwalimu Barutwanayo alikuwa amefika. Alitoka kununua kamba ya kufungia furushi, akaona watu, akasogea. Akautazama ubao. Akauliza kwa upole, bila kumlenga mtu, "Kumi iko wapi?"

Nikaangalia ubao. Nikaangalia mkono. Nikainua kopo, nikalitikisa. Likalia. Jiwe moja.

Wachuuzi ndio waliocheka zaidi, wakilia machozi, kwa maana waliliitikia wenyewe. Nikasema kumi ipo, hii hapa, niruhusuni niiandike. Oswald akasema namba iliyoandikwa ndiyo namba. Nikageukia watu wangu wa mwaloni wanitetee. Wakanijibu kwa pamoja kwa maneno yangu mwenyewe: kilichohesabiwa kimehesabiwa.

Oswald akaondoa khanga juu ya redio, akaikunja vizuri, akanipa. Akaiweka redio kwapani. Hapo Mwalimu akaona ni nini kilikuwa chini ya khanga. Akaitazama redio, akanitazama mimi. Nilimwona akielewa. Ilichukua muda mfupi, ni mtu mwepesi.

Alichukua chaki, akaandika chini ya aibu yangu:

1111111111 × 111111111

Akasema namba hii niliyoiandika mimi nayo ni nzuri. Ni moja kumi zilizopangwa mstari, mara moja tisa zilizopangwa mstari. "Kumi yako haikupotea, Bwana Ashraf. Imejificha humu ndani."

Ningependa angenitukana.

Jumapili, 9 Novemba

Nimekwenda kwa Oswald kuomba. Nimempa kanzu, akasema haimtoshi. Nimejitolea kufagia duka, akasema angependa libaki na vitu. Nimemwambia redio ni ya Mwalimu. Akaniuliza sasa niliwekaje kitu cha mtu? Swali lile haligawanyiki. Nimelijaribu kwa kila namba.

Jioni, saa ya matangazo ilipofika, tulikaa uani kama kawaida. Mwalimu aligeuza kichwa pale redio inapokaaga. Palikuwa na ndoo. Mwanamvua akaleta chai, hakunitazama, vikombe viwili tu. Ng'ambo ya barabara redio ilikuwa ikipiga gitaa la Kongo, na Oswald anaimba asichokijua.

Jumatatu, 10 Novemba

Lori limeondoka na Mwalimu.

Nilibeba furushi lake mimi mwenyewe. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri: Mwalimu, nimekukosea, nisamehe. Mafupi, hayana hata tarakimu. Tulipofika kwenye lori nikafungua mdomo, ukatoka mzaha. Nilimwambia akifika anisalimie foleni ya unga. Akatabasamu. Mwanamvua alimfungia mihogo na dagaa, akalia waziwazi, yeye anajua kufanya mambo.

Lori likapinda kona. Samahani bado ninayo mdomoni.

Jioni nikaenda kwa Oswald kununua chumvi. Sikuwa na haja ya chumvi. Alikuwa anatembeza sindano ya redio akitafuta muziki. Ikapita kwenye Kirundi. Mimi ni mtu wa Kiha kwa mama, na Kiha na Kirundi ni mtu na ndugu yake, nasikia kila kitu. Nikasikia hivi: Astérie, akiwa pamoja na binti yake Inamahoro, anamtafuta mumewe, mwalimu Barutwanayo, waliyepotezana naye ziwani. Kwa sasa wapo...

Gitaa.

Nilipanda juu ya meza ya duka. Nilikanyaga mizani. Nikamnyang'anya redio na kurudisha sindano. Wameshafika kwa Marcelina fulani anayetafuta wajukuu.

Oswald akaniita mwizi, akaniita kichaa, akashika jiwe la kilo. Nikamweleza. Akalishusha jiwe. Akakalia gunia la sukari, uso umemshuka.

"Mimi nilikuwa natafuta muziki tu," akasema. Akarudia tena, kama nilikuwa nimembishia.

Kisha akaondoka kwenye gunia, akaweka redio mezani. Akaenda nyuma, akarudi na katoni ya betri, akaiweka kando yake. Akasema nimpelekee mwenyewe, nisimtaje yeye. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Ashraf. Huko njiani jifunze kuhesabu hadi kumi."

Astérie yu hai! Na mtoto yu hai! Nimemwambia Mwanamvua, tumekumbatiana, kisha akakumbuka kuwa amenikasirikia.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Hakuna gari lolote la kwenda njia ya Kasulu, iendayo kambini. Nimekaa na redio mapajani kutwa nzima. Sikuiwasha, ninatunza betri. Ona nilivyokuwa mtu mzima.

Jumatano, 12 Novemba. Kidahwe.

Asubuhi Mwanamvua alizitoa betri redioni, akazirudisha katonini, kisha akafunga redio kwa khanga, katoni kwa nailoni. Aliniagiza maneno matatu: usiongee na mtu.

Gari limekwama hapa Kidahwe, tope hadi ekseli. Tuko abiria wengi kwenye kibaraza cha Leonia, mama anayeuza ndizi za kuchoma. Niliongea na Leonia kwa sababu ya ndizi tu. Akauliza nakwenda wapi na mzigo. Sikumwambia habari ya redio. Nilimweleza habari ya namba, ambayo ni elimu, na elimu haina mwiko.

Nikaiandika kwenye majivu kwa kijiti. Niliweka kumi! Niliiweka kubwa, mara mbili ya wenzake. Nikawaambia abiria hii haigawanyiki. Leonia akasema hakuna kitu kisichogawanyika, yeye anagawa ndizi tangu utoto. Nikasema hii haigawanyiki. Akasema weka kitu basi.

Redio sikuiweka. Mimi si mjinga. Niliweka katoni.

Leonia aliitazama namba akigeuza ndizi. Akauliza, "Hii yote, nikiifunga fungu moja, ni mafungu mangapi?" Nikasema moja. Akauliza, "Imebaki nini nje?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi nimeigawa kwa yenyewe. Jibu ni moja. Lete katoni, baba."

Isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Niliyasema Jumamosi mbele ya umma mzima. Nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Yalikuwa maneno machache tu.

Abiria wamepiga makofi. Leonia amenipa ndizi mbili za kunifariji. Ni mtu mzuri, sina kinyongo naye.

Alhamisi, 13 Novemba. Kambini.

Nimefika na redio bubu, njia nzima nikifanya mazoezi ya habari yangu: Mwalimu, wako hai, sikusikia ni wapi, nisamehe.

Nikaelekezwa kibanda. Akatoka mzee mmoja anaitwa Ndayikunda. Nikampa shikamoo, nikamuulizia Mwalimu Barutwanayo.

Akasema ameshaondoka. Jana asubuhi, kwa gari la kupeleka watu kambi ya upande wa Kibondo. Mkewe na mtoto wako huko.

Nikauliza amejuaje. Ndayikunda akanishangaa. Akasema hapa mwenye redio akisikia jina hakai nalo. Anatoka analipiga kelele mstari mzima wa vibanda, mstari wa pili unalipokea, wa tatu unalipokea, mpaka mwenyewe aitike. Jumatatu jioni Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza ametua furushi. Akasikia jina lake linakuja na watu wanakimbia nalo. Alikaa chini, alisema mzee, kisha akainuka akawa anacheka na kila mtu, hata na mbuzi.

Kwa hiyo walisikia wote. Wote isipokuwa mimi, niliyesikia nusu.

Nimefurahi. Naapa nimefurahi. Lakini nilikuja na neno langu, na mwenye neno hayupo.

Nikauliza kama aliacha ujumbe. Ndayikunda akafikiri. Akasema ndiyo, alisema akija mtu mmoja anaongea sana, mwambieni urakoze. Halafu akanionyesha ukuta wa udongo ndani. Imeandikwa kwa mkaa, ile ya kweli, tarakimu ishirini, mwandiko wa darasani. Kumi iko mahali pake. Nimeigusa kwa kidole, mkaa umebaki kidoleni.

Redio nimemwachia Ndayikunda, iwe ya mstari wote. Alipoona haina betri alifunga tena kifuniko chake. Alisema jua litatoka siku moja.

Nalala kwake. Ameniambia mstari wa nne yuko kijana anaitwa Nikodemu, anajisifu hakuna namba ya kumshinda, na kwamba ana betri nyingi. Nimetuma salamu tukutane kesho kabla gari halijaondoka. Naweka viatu. Ni viatu vizuri, soli mpya. Safari hii kumi itakuwepo, na ile "isipokuwa" itakuwepo, zote mbili nitazitaja kwanza. Sioni panapoweza kuharibika.

Nimefungua ukurasa wa kwanza nihakikishe maneno ya isipokuwa, nikakuta nilivyoanza. Pale pa ziwa na samaki.

Sina bahati. Yule mgebuka wa Kalemie nilimnunua.